Uoga wa Kiti cha Meno Nao Unatibika

Nianze kwa kuungama. Nina miaka 22, nasoma shahada ya elimu mwaka wa tatu. Mwaka jana kwenye mazoezi ya kufundisha nilisimama mbele ya wanafunzi 70 wa kidato cha kwanza na sauti haikutetemeka hata kidogo. Lakini kwa miezi saba mizima nilishindwa kufungua mlango wa chumba cha daktari wa meno. Kadi ya bima ninayo. Muda nilikuwa nao. Jino lilikuwa linauma kweli kweli. Nilikuwa naogopa tu, basi.

Nimeamua kulisema hadharani kwa sababu kila nikilitaja bwenini, hadithi zinamiminika. Kuna anayetafunia upande mmoja tangu mwaka wa kwanza. Kuna anayelala na karafuu kwenye jino. Kuna aliyefika mpaka mapokezi, akasikia ile mashine inalia chumba cha pili, akaita bodaboda akarudi zake chuoni. Tunacheka, tunaambiana "we muoga sana," kisha kila mtu anarudi kwenye panado yake.

Hoja yangu ni fupi. Uoga huo siyo utoto wala deko. Ni sehemu ya ugonjwa wa jino lenyewe, una namna zake za kutulizwa, na namna hizo ni nyingi kuliko tunavyojua. Kinachotukwamisha zaidi ni kwamba hakuna anayetuuliza kama tunaogopa, na sisi wenyewe hatusemi.

Ulikoanzia

Wangu ulianza darasa la pili. Mwalimu wetu alikuwa na msemo wake: "Atakayepiga kelele nampeleka kwa daktari akang'olewe meno." Kwa hiyo siku nilipopelekwa kweli, jino la utotoni limeoza, niliamini naenda kuadhibiwa. Mtu mzima mmoja alinishika mikono, mwingine miguu. Ganzi ilikuwa haijakolea. Nililia, nikaambiwa nyamaza, mbona wenzako hawalii. Jino lilitoka, na nadhani halikuchukua hata dakika moja. Dakika hiyo nimetembea nayo miaka 14.

Sasa angalieni nilivyouendeleza urithi huo. Kwenye mazoezi ya kufundisha kulikuwa na binti mmoja, kila kipindi changu amelaza shavu kwenye dawati. Nilipomuuliza akasema jino. Nikamwambia, kwa sauti ya kiualimu kabisa, "Nenda hospitali, acha uoga, wewe siyo mtoto." Darasa zima likacheka. Wakati huo mimi mwenyewe nilikuwa na karafuu kwenye gego la chini.

Vidonge viwili kwenye pochi

Mwezi wa saba shavu lilivimba na mtihani wa majaribio ukanipita nikiwa kitandani. Ikabidi niende. Mwenzangu wa chumbani, kwa nia njema kabisa, akanipa vidonge viwili vya diazepamu vilivyobaki nyumbani kwa shangazi yake. "Meza vyote viwili nusu saa kabla, hutasikia kitu." Nikavitia kwenye pochi.

Bahati yangu ilikuwa daktari. Nilimkuta mama wa makamo, nikasema "Shikamoo Dokta" na sauti ikaishia hapo. Sikuambiwa "fungua mdomo." Aliniambia, "Marahaba mwanangu. Unaogopa?" Jamani, nilianza kulia. Miaka yote hiyo hakuna mtu mwenye koti jeupe aliyewahi kuniuliza hivyo.

Swali lake la pili lilikuwa: "Kuna dawa yoyote umemeza kabla ya kuja?" Nikatoa vile vidonge nikamwonyesha. Hakunigombeza. Akanieleza kwamba diazepamu hutumika kweli kutuliza wagonjwa wa meno, ila daktari ndiye anayepanga kipimo baada ya kujua umri wako, hali ya mapafu yako, dawa nyingine unazotumia na kama una ujauzito. Ukijipimia mwenyewe, au ukaichanganya na pombe au dawa nyingine za usingizi, inaweza kudhoofisha upumuaji hadi ukawa hatarini. Na aliyemeza dawa hiyo harudi nyumbani peke yake, lazima awepo mtu mzima wa kumsindikiza. Mimi nilikuwa nimepanda daladala peke yangu.

Hilo naomba mlishike hata mkisahau mengine yote niliyoandika: usimeze kidonge cha mtu mwingine kwa ajili ya kwenda kwa daktari wa meno. Mwambie daktari unaogopa, akupangie yeye.

Ngazi yenyewe

Alichonieleza siku ile, na nilichokwenda kukisoma baadaye, ni kwamba kumtuliza mgonjwa ni kama kupanda ngazi. Unaanzia chini, na wengi wetu hatuhitaji kufika juu.

Hatua ya kwanza ni maneno. Tangu 1959 ipo mbinu iliyoandikwa kwa ajili ya watoto kwenye kiti cha meno: eleza, onyesha, fanya. Daktari anakueleza atakachofanya, anakuonyesha kifaa, ndipo anafanya. Wenzangu wa elimu mtaitambua mara moja, ni njia ile ile tunayofundishwa ya onyesho mbele ya darasa. Inaongezewa ishara: ukiinua mkono, daktari anasimama. Gharama yake ni sifuri.

Hatua ya pili ni ganzi iliyochomwa kwa utulivu. Ufizi unapakwa jeli ya ganzi kwanza, dawa ya sindano inaingizwa polepole, kisha mnasubiri dakika kadhaa na kupima kabla ya kuanza kazi. Hapa nilijifunza jambo lililoniuma kuliko sindano. Sehemu yenye usaha na uvimbe huwa na asidi nyingi, na asidi hiyo huifanya ganzi ishike kwa shida. Yaani anayeogopa anachelewa, anayechelewa ganzi haimkolei, na isipomkolea anaogopa zaidi. Wengi wetu tunazunguka humo humo.

Hatua ya tatu ina asili ya hapa hapa nyumbani. Katikati ya miaka ya 1980, hapa Tanzania, wataalamu wa meno walianza kuziba matundu bila mashine. Wanakwangua sehemu iliyooza kwa vifaa vya mkono tu, kisha wanajaza tundu kwa saruji maalumu inayoshikamana na jino. Mara nyingi hata sindano haihitajiki. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliipigia debe njia hiyo, na leo inatumika nchi nyingi. Haifai kila tundu, lakini kwa mtu ambaye mlio wa mashine ndio unaomkimbiza, ni habari njema.

Hatua ya nne ni gesi ya kucheka, naitrasi oksaidi. Desemba 1844, mjini Hartford, Marekani, daktari wa meno Horace Wells aliiona ikichezewa kwenye maonyesho ya burudani, mtu akaumia mguu na asihisi maumivu. Kesho yake Wells akaivuta yeye mwenyewe na kung'olewa jino. Siku hizi huchanganywa na oksijeni na kuvutwa kwa kifuniko cha puani. Hulali. Unasikia, unajibu, ila mwili unakuwa mwepesi na wasiwasi unapungua. Kazi ikiisha unavutishwa oksijeni tupu dakika chache na gesi inatoka mwilini. Sindano ya ganzi bado unachomwa, isipokuwa huijali sana. Mwenye mafua yaliyoziba pua haimfai, na mjamzito wa miezi ya mwanzo hapewi.

Hatua ya tano ni vidonge vya kutuliza, vile vya diazepamu na jamii yake, kwa kipimo cha daktari. Ya sita ni dawa ya mshipani, mara nyingi midazolamu. Hapo unakuwa katikati ya macho na usingizi, ukiitwa unaitika, na wengi hawakumbuki kilichotokea. Lakini lazima awepo mtu aliyefunzwa anayefuatilia upumuaji wako na kipimo cha oksijeni kwenye kidole muda wote, na dawa ya kukuzindua iwe karibu.

Juu kabisa ni nusu kaputi. Hiyo ni ya chumba cha upasuaji, kwa mtaalamu wa usingizi, na chakula unaacha saa sita kabla. Huwafaa watoto wadogo wenye meno mengi ya kutibiwa, baadhi ya watu wenye ulemavu, na kazi kubwa zisizovumilika ukiwa macho.

Mimi nilishia hatua ya pili. Daktari alinieleza kila kitu, alipaka jeli, alichoma ganzi sehemu mbili, akasubiri, akapima, akachoma tena. Niliinua mkono mara mbili, na mara zote mbili alisimama. Jino likang'olewa. Sikusikia maumivu, nilisikia mtu anasukuma tu. Nilipokaa akaniambia kwa upole, "Ungekuja miezi saba iliyopita, tungeliziba." Hilo ndilo lililoniliza mara ya pili. Sikupoteza gego kwa sababu ya umaskini wala kukosa hospitali. Nililipoteza kwa uoga ambao dawa yake ya kwanza ilikuwa swali la neno moja.

Mtasema haya ni mambo ya Ulaya

Najua pingamizi. Rafiki yangu mmoja alinijibu kwenye kantini, "Dada, daktari mmoja, foleni watu arobaini, wewe unataka abembelezwe mtu?" Ana haki ya kuuliza. Sidai kila zahanati ya chuo iwe na mitungi ya gesi. Sidai dawa za mshipani zitolewe mahali ambapo hakuna mtu wa kumwangalia mgonjwa, maana hapo tutakuwa tumebadilisha uoga kwa hatari. Nasema hatua mbili za chini hazitaki mashine mpya wala chumba kipya, na ya tatu ilizaliwa hapa kwetu kwa ajili ya mazingira yetu. Na mgonjwa anayeogopa asipotulizwa ndiye anayekula muda. Anafunga mdomo, anashika mkono wa daktari, anaondoka nusu ya kazi, anarudi shavu limevimba. Foleni haikupungua hapo.

Kuna pingamizi jingine halisemwi kwa sauti: kwamba mtu mzima hapaswi kuogopa, hasa mwanaume. Nawaomba akina kaka wa bweni la jirani wanisamehe, lakini wale waliokimbia kutoka mapokezi kwenye hadithi zangu, wengi ni nyie.

Ninachoomba

Kwa serikali yetu ya wanafunzi naomba jambo dogo. Kaeni na uongozi wa zahanati ya chuo, fomu ya kumwona daktari wa meno iongezwe maswali ya uoga. Hata kutunga hatuhitaji. Tangu 1995 kuna dodoso fupi la maswali matano linalotumika nchi mbalimbali: ungejisikiaje kama matibabu ni kesho, ukiwa umekaa kwenye foleni, ukisubiri mashine, ukisubiri kusafishwa meno, ukisubiri sindano ya ufizi. Kila jibu lina alama 1 hadi 5. Anayefikisha 19 au zaidi kati ya 25 anahesabiwa kuwa na uoga mkubwa. Mtu anaijaza akiwa kwenye benchi, daktari anaiona kabla hajashika kifaa. Tarehe 20 Machi, Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani, ingekuwa siku nzuri ya kuanza.

Kwenu wenzangu wote, semeni. Mkiingia tu, kabla ya kukaa kwenye kiti: "Dokta, mimi naogopa." Ulizeni kuna namna gani za kutuliza hapo, na kama hapo hakuna, rufaa iende wapi. Daktari hawezi kutibu asichoambiwa.

Na kwetu sisi wa elimu, hili ni letu zaidi. Mwakani wengi wetu tutakuwa na madarasa yetu. Tusimtishe mtoto kwa sindano. Tusimtishe kwa koleo la daktari. Tishio lile linanyamazisha darasa kwa dakika tano, halafu mtoto anatoka nalo shuleni mpaka chuo kikuu.

Yule binti wa kidato cha kwanza sijui jino lake liliishia wapi. Mazoezi yaliisha, nikaondoka. Ningerudi leo nisingemwambia aache uoga. Ningekaa naye kwenye dawati, nimwonyeshe pengo langu, nimweleze litakavyokuwa hatua kwa hatua, na kama ratiba ingeruhusu ningemsindikiza mwenyewe.

Mwandishi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Shahada ya Elimu.