Tumbo Lisitibiwe kwa Kubahatisha

Simama kwenye kaunta ya duka la dawa katikati ya Nairobi saa kumi na moja jioni, watu wakikimbilia magari ya Kangemi na Kawangware, na utaisikia sentensi hii kabla hujamaliza kuhudumiwa: "Daktari, tumbo linanisumbua. Nipe kitu." Anayeambiwa si daktari, lakini kitu hutolewa. Leo ni Flagyl, kwa sababu huenda ni amiba. Mgonjwa akirudi wiki ijayo anapewa sipro, kwa sababu huenda ni taifodi. Akirudi tena anapewa omeprazoli, kwa sababu sasa itakuwa ni ulsa. Siku hizi kuna kituo cha nne: kichupa cha vidonge vya probayotiki, yaani bakteria hai, chenye picha ya tumbo linalong'aa na ahadi ya kurejesha amani ndani.

Katika safari hiyo yote hakuna aliyemuuliza kama ameona damu chooni.

Msimamo wetu ni huu. Mtu ambaye amekuwa akiharisha kwa zaidi ya wiki nne, au aliyeona damu kwenye choo chake, asiuziwe dawa ya nne. Apimwe, aambiwe anaugua nini, ndipo atibiwe. Bakteria wazuri wana nafasi yao katika afya ya tumbo, na tutaieleza. Nafasi hiyo haianzi kabla ugonjwa haujapewa jina.

Yako maradhi mawili yanayopotea kwa urahisi katikati ya amiba, taifodi na ulsa. La kwanza ni kolaitisi ya vidonda, ambayo huchubua utando wa ndani wa utumbo mpana, kwa kawaida ikianzia karibu na njia ya haja kubwa na kupanda. La pili ni ugonjwa wa Crohn, uliopewa jina la Burrill Crohn, daktari wa New York aliyeueleza pamoja na wenzake wawili mwaka 1932. Huu waweza kushika popote, kuanzia mdomoni hadi mwisho wa njia ya chakula, na hupenya unene wote wa ukuta wa utumbo. Katika yote mawili, kinga ya mwili huushambulia utumbo wenyewe. Mara nyingi huanza ujanani, hutulia na kurudi, na humfuata mtu maisha yake yote. Kolaitisi iliyoachwa ikiwaka miaka na miaka huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana.

Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba haya ni maradhi ya Wazungu. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, na Hugh Trowell, aliyetibu watu Kenya na Uganda kwa miongo kadhaa, waliona kwamba wanakijiji waliokula vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi walisumbuliwa kwa nadra na maradhi mengi ya utumbo yaliyojaza wodi za Uingereza. Walichoona kilikuwa na uzito. Lakini Nairobi ya leo si kijiji cha enzi zile. Tunakula chipo zilizokaangwa kando ya barabara na ugali wa unga uliokobolewa mpaka ukawa mweupe, huku tukimeza antibiotiki kama peremende. Wagonjwa wa Kikenya wa maradhi haya wapo, na madaktari wa jiji hili wanawatibu. Tatizo ni kwamba daktari asiyeutarajia ugonjwa hautafuti, na asipoutafuta hatauona.

Sasa kuhusu bakteria. Utumbo mpana ni makao ya matrilioni yao, na wengi wana kazi. Ukila maharagwe, managu au wimbi, sehemu ambayo mwili wako hauwezi kusaga huwafikia wao. Wanaichachusha na kutoa asidi, mojawapo ikiwa butireti, ambayo ndiyo chakula kikuu cha seli zinazotandika utumbo mpana. Kwa wagonjwa wa Crohn, watafiti wamekuta mara kwa mara kwamba aina za bakteria zimepungua, na miongoni mwa wanaokosekana ni wale watengenezaji hodari wa butireti. Kwa hiyo wazo kwamba bakteria na uvimbe wa utumbo vinahusiana si porojo za matangazo.

Ushahidi mwingine umetoka hapa hapa nchini. Katika utafiti uliofanywa Pwani na kuchapishwa mwaka 2015, watoto wachanga 115 wa miezi sita walilishwa uji wa mahindi kila siku kwa miezi minne, uji wa baadhi yao ukiwa umeongezwa madini ya chuma. Chuma kiliongezwa kwa nia njema, kuzuia upungufu wa damu. Hata hivyo, kwenye matumbo ya waliokipata, bakteria wa maradhi waliongezeka na vipimo vya choo vikaonyesha uvimbe wa utumbo umepanda. Miaka miwili baadaye watafiti walirudi na dawa rahisi: wakaongeza kwenye uji aina ya sukari ambayo mtoto haisagi lakini bakteria wake wazuri huila. Madhara mengi ya chuma yalipungua. Hawakuleta bakteria wageni. Waliwalisha wenyeji.

Na hao wenyeji wetu hawajulikani vizuri. Januari 2025 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa bakteria wa tumbo wa wanawake 1,801 kutoka Kenya, Ghana, Burkina Faso na Afrika Kusini. Kituo cha utafiti cha APHRC, chenye makao yake Kitisuru, magharibi mwa jiji hili, kilikuwa miongoni mwa washirika. Watafiti walipata jenomu 1,005 za bakteria, na wakaona kwamba baadhi ya aina zinazoishi katika matumbo ya watu wa mashambani zinatoweka kwa watu wa mjini. Kwa aina mojawapo, wanashuku kwamba antibiotiki zinahusika. Tafakari hilo unapoiona Flagyl ikitolewa bila karatasi ya daktari. Tunaua tusichokijua, kisha tunauziwa badala yake kwenye kichupa.

Je, cha kwenye kichupa kinatibu? Mwaka 2020 Chama cha Gastroenterolojia cha Marekani kilipitia tafiti zilizopo na kushauri kwamba wagonjwa wa Crohn na wa kolaitisi ya vidonda wasipewe probayotiki isipokuwa ndani ya utafiti rasmi. Ushahidi haukutosha. Wapo bakteria wachache waliojithibitisha kwenye kazi maalumu. Mwaka 1917 daktari Mjerumani Alfred Nissle alitenga bakteria kutoka kwa askari ambaye hakuugua wakati wenzake wakishikwa na kuhara, na tafiti zimeonyesha kwamba bakteria huyo, aitwaye Nissle 1917 hadi leo, anaweza kusaidia kuzuia kolaitisi iliyokwisha kutulia isirudi, karibu sawa na dawa ya mesalazini. Sikiliza jinsi habari hiyo ilivyo finyu: bakteria mmoja, ugonjwa mmoja, hatua moja ya ugonjwa. Haimwambii mtu wa Kawangware lolote kuhusu mchanganyiko ulio kwenye rafu ya dukani.

Jirani zetu wa Mwanza wanajua thamani ya kupima matumaini. Tangu mwaka 2004 akina mama wa huko wametengeneza mtindi wenye bakteria maalumu kwa ushirikiano na watafiti wa Tanzania na Kanada, na mradi huo umewapa kipato na kuwapa watu chakula bora. Lakini watafiti walipowapa wanawake wenye virusi vya Ukimwi vidonge vya probayotiki kwa wiki 25, kinga yao haikuonyesha tofauti. Walitangaza hivyo hivyo, bila kupamba. Mtindi ukabaki kuwa chakula kizuri.

Kuna pia lile la kumeza probayotiki baada ya antibiotiki, ili "kujaza pengo". Katika utafiti mdogo uliochapishwa mwaka 2018, watu waliomeza probayotiki baada ya antibiotiki walichelewa kurudisha bakteria wao wa asili kuliko walioachwa wapone wenyewe. Kwa wengi wetu, bakteria wa kichupa ni wageni: hupita siku chache, na ukiacha kuwameza huondoka.

Maziwa lala, basi, tuyaache? Hasha. Kwenye ATM za maziwa za Kangemi na Kawangware, mama anajaza chupa aliyokuja nayo, anaenda kuyachemsha, anayaacha yapoe, anaongeza kijiko cha mala ya jana, na kesho ana chakula chenye protini, kalisi na bakteria hai kwa bei ndogo mno kuliko ya kichupa. Uji wa wimbi uliochacha ulilea watu kabla ya neno probayotiki kuzaliwa. Watafiti wamekuta bakteria wenye sifa nzuri katika maziwa ya kibuyu ya Wamaasai. Tunasema vitumiwe, pamoja na githeri, terere, viazi vitamu na nduma, kwa sababu ni chakula chema. Tunaongeza tahadhari mbili. Maziwa mabichi yasiyochemshwa hubeba bruselosi, na kuchacha pekee si kinga ya kutegemewa. Na mtu ambaye utumbo wake umevimba au umebanwa na Crohn asijishindilie nyuzinyuzi kwa ushauri wa jirani. Amuulize daktari wake kwanza.

Hatari ya kubahatisha haiishii kwenye pesa. Kifua kikuu hakikai kwenye mapafu tu. Hushika utumbo pia, na huko hufanana na Crohn kiasi cha kuwatatiza hata mabingwa. Dawa zinazotuliza kinga ya mwili, ambazo humwokoa mgonjwa wa Crohn, zaweza kumzidishia ugonjwa mwenye kifua kikuu. Amiba nayo hutoa damu kama kolaitisi. Ndiyo maana choo kipimwe, kamera iingizwe utumboni, na nyama ndogo ikatwe ikachunguzwe maabara, kabla ya kutaja dawa.

Tunajua ni nini kinawazuia watu. Kipimo cha kamera ni ghali, na mabingwa wa tumbo ni wachache. Halafu kuna aibu. Mtu atasimulia shinikizo la damu mbele ya matatu nzima, lakini damu chooni hamwambii hata mkewe. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na kwa maradhi ya utumbo hawakutia chumvi.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu.

Kwanza, Bodi ya Dawa na Sumu iikazie sheria iliyopo. Antibiotiki ni dawa za kuandikiwa, na duka linalozimwaga bila karatasi lichukuliwe hatua. Vichupa vya probayotiki navyo viandikwe wazi: jina kamili la bakteria hadi aina yake, idadi ya walio hai hadi siku ya mwisho wa matumizi, na madai ya tiba yenye ushahidi tu. Dai lisilo na ushahidi lifutwe.

Pili, kipimo cha choo cha kalprotekitini, kinachosaidia kutambua nani ana uvimbe wa utumbo na nani anasumbuliwa na tumbo lisilo na uvimbe, kipatikane katika hospitali za kaunti, Mbagathi ikiwemo, kwa bei ambayo kibarua anaimudu. Kipimo hiki kitapunguza foleni ya kamera, kwa kuwa atakayefika huko atakuwa anayeihitaji. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyorithi kazi ya mfuko wa bima wa NHIF Oktoba 2024, ihakikishe kwamba kamera hiyo na dawa za muda mrefu hazimfilisi mgonjwa. Sulfasalazini, dawa ya zamani ya kolaitisi, imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Isikose kwenye rafu za serikali.

Tatu, tunawageukia wenye maduka ya dawa, kwa heshima. Ninyi ndio mnaoonwa kwanza, kabla ya muuguzi na kabla ya bingwa. Watu wanawaita daktari kwa sababu wanawaamini. Uaminifu huo una deni, na deni lenyewe ni maswali matatu: Tumbo limeanza lini? Umeona damu? Umepungua uzito? Jibu likiwa "zaidi ya wiki nne", au likiwa "ndiyo" kwa lolote kati ya mengine mawili, funga kabati la dawa na umwandikie mteja wako jina la hospitali iliyo karibu.

Utapoteza mauzo ya jioni moja. Yeye atakuwa amepewa, kwa mara ya kwanza tangu tumbo limwanze, kitu kinachofaa.