Kura ya Voi Imekwenda Wapi?



Mwezi uliopita tulitoka zamu ya usiku, tukashika njia ya kutoka stesheni kwenda sokoni. Giza tupu. Taa zimekufa, na takataka zimeziba mtaro hata maji yanapita barabarani. Tukawatuma wenzetu watatu wakaulize. Ofisi ya kwanza ikasema kazi hiyo ni ya ofisi ya pili, ya pili ikasema fedha ziko kwa ya tatu, na ya tatu ilikuwa imefungwa. Mzee mmoja aliyestaafu reli akatucheka. "Mnahangaika nini? Si mwende kwa diwani wenu wa mji?" Tukamjibu, "Mzee, huyo hayuko tena."

Ndipo tulipoona yafaa kuandika habari za kura katika mji huu, maana vijana waliotufuata kazini wadhani kura ilikuwapo siku zote, kama mlima wa Sagalla.

Haikuwapo. Tangu reli ilipofika Voi, watu walitandika mataruma, wakajaza maji katika injini, wakazikwa hapa, na karibu miaka 60 ikapita bila Mwafrika kupiga kura ya kumpeleka mtu katika Baraza la Kutunga Sheria. Kura ya kwanza ilikuja Machi 1957. Lakini ilikuwa kura ya namna gani? Mtu alipimwa kwa shule yake, mali yake, utumishi wake au mshahara wake. Mshahara uliotakiwa ni pauni 120 kwa mwaka, yaani shilingi 200 kila mwezi. Na mwenye sifa nyingi alipewa kura mpaka tatu! Fikirini, ndugu. Karani mwenye shule na mshahara mzuri aliweza kupewa kura mbili au tatu, na mtu wa genge aliyebeba chuma juani kati ya Voi na Maungu, asiye na shule wala mali, hakupewa hata moja. Wote wawili walitumikia reli ile ile. Pwani nzima, tangu Lamu mpaka Taveta, ilipewa kiti kimoja, akakipata Bwana Ronald Ngala. Hatumlaumu yeye. Twaulaumu ule mzani.

Mwaka 1961 mlango ulifunguliwa zaidi kidogo. Aliyejua kusoma na kuandika lugha yake aliandikishwa, au aliyetimiza miaka 40, au mwenye pauni 75 kwa mwaka. Wazee wetu waliofundishwa herufi katika shule za misheni, kule Sagalla na Bura, waliona siku hiyo faida ya viboko walivyopigwa. Mei 1963 masharti hayo yakaondoka, kila mtu mzima akawa na kura moja, sawa na bwana mkubwa. Mtu wa Taita, Bwana Dawson Mwanyumba, akaingia katika baraza la mawaziri la Mzee Kenyatta. Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi.

Lakini kilichotolewa kwa mkono wa kuume kilianza kurudishwa kwa mkono wa kushoto. Mwaka 1970 mabaraza ya wilaya yalinyang'anywa shule za msingi, afya na barabara, mambo yote yakapelekwa Nairobi. Mwaka 1988 ukaja mlolongo katika uteuzi wa KANU. Mtu alipanga foleni nyuma ya picha ya mgombea, mchana kweupe, msimamizi wake wa kazi akimtazama. Aliyefikisha asilimia 70 alihesabiwa amekwisha shinda, bila karatasi wala sanduku. Na aliyekuwa zamu juu ya gari la moshi siku hiyo, nani alimpangia foleni?

Wenzetu wa reli waliokaa Nairobi wana kisa chao, nacho chatuhusu. Mwaka 1983 Serikali ililiondoa Baraza la Jiji lililochaguliwa, ikaweka tume. Sababu iliyotolewa ni usimamizi mbaya, na huenda kweli ulikuwa mbaya. Tume ikakaa mpaka uchaguzi wa Desemba 1992, miaka tisa, wakazi wakilipa ada bila kumchagua hata diwani mmoja. Paa likivuja huzibwa; wao walimtoa mwenye nyumba nje.

Sasa turudi Voi. Mji huu ulikuwa na Baraza la Manispaa, lenye madiwani na meya. Machi 2013, Katiba ya 2010 ilipoanza kazi ya kaunti, mabaraza yote 175 ya Kenya yalikufa, na la Voi likafa pamoja nayo. Sheria ya Miji ya 2011 ikaweka bodi mahali pa madiwani. Wajumbe wake huteuliwa na gavana, na Bunge la Kaunti huidhinisha. Wengine hupendekezwa na vyama vya wataalamu, wafanyabiashara na wakazi. Hakuna hata mmoja anayesimama mbele ya sanduku la kura. Mwaka 1957 mtu wa genge alikosa kura kwa kuwa mshahara wake ni mdogo. Leo, kwa habari ya mji wake, amekosa yeye na karani wote pamoja. Huo ndio usawa tuliopata!

Wako watakaosema tunalilia wezi. Hatujasahau. Madiwani wengine waligawana viwanja, na meya alichaguliwa na madiwani wenyewe, si na sisi. Mama zetu walikimbizwa sokoni na askari wa baraza. Lakini diwani aliyekula kiwanja tulijua anapolala, na baada ya miaka mitano tulimtoa. Mjumbe wa bodi tutamtoa kwa njia gani?

Wengine watasema mnaye mwakilishi wa wadi. Kweli, tunaye. Lakini yeye hukaa Wundanyi, mmoja kati ya wadi 20, akitunga sheria za kaunti nzima, tangu Kasigau mpaka Mata. Kazi hiyo ni kubwa, na taa ya stesheni si yake.

Twataka sheria ibadilishwe ili wajumbe walio wengi katika bodi ya mji wapigiwe kura na wakazi. Jambo hilo ni la Bunge la Nairobi, si la gavana peke yake, kwa hiyo kila anayekuja kutuomba kura ya ubunge wa Voi kwa uchaguzi wa Agosti 2027 aulizwe mbele ya watu, na jibu lake liandikwe. Karatasi ya sahihi iko kwa katibu wa tawi. Walio zamu ya usiku wataletewa getini saa kumi na mbili asubuhi, kabla hawajaenda kulala.