MASTAA NA KIKI ZA MILIMANI: DRONI WANABEBA, KIFAA CHA KUOKOA ROHO HAWABEBI!

Haya sasa wadau! Msimu wa maua ukifika, kuanzia Desemba mpaka Aprili, ndo wanaanza. Staa wa filamu huyu, mrembo wa video yule, majina kapuni, wote safari Kitulo. Msafara unakula Makambako, unapiga picha Chimala, unakwea ile barabara ya kona 57 kwenda Matamba, jioni Insta inawaka. Maua, ukungu, koti jekundu.

Picha kali, hakuna anayebisha. Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na jina la Bustani ya Mungu haikupewa bure. Tatizo liko kwenye begi. Fungua begi la staa: droni ipo, spika ipo, viatu jozi tatu, mekapu kama ya harusi. Kitu cha kumwokoa akipotea? Sifuri!

Na kifaa kipo. Kinaitwa PLB, kinaenea kiganjani. Ukipata balaa unafungua antena, unabonyeza, kinarusha ishara ya 406 MHz mpaka kwenye satelaiti za mfumo wa Cospas-Sarsat, uliookoa watu kwa mara ya kwanza 1982. Ishara inashuka kwenye kituo cha uokoaji ikiwa na namba ya kifaa chako. Hakitaki vocha, hakitaki bando, hakitaki mnara wa simu. Betri inatakiwa irushe ishara saa 24 au zaidi.

Mtu wa Mdandu hahitaji semina kuelewa hili. Kijijini ukipata shida unapiga yowe, majirani wanatoka. Ila yowe linaishia pale sauti inapoishia. Kule juu, zaidi ya mita 2,600, ukungu ukishuka jirani hayupo na simu inaandika "hakuna mtandao". PLB ni yowe linalofika angani.

Watasema ni ghali. Kweli, kinaanzia kama dola 300 hivi, mkulima wa viazi wa Njombe hawezi. Lakini anayelalamika ni nani? Si huyo huyo aliyeposti wigi la mamilioni wiki iliyopita? Halafu msafara wa watu kumi unaotembea pamoja unahitaji kimoja, sio kumi. Changeni!

Watasema tena, "Kwa Bongo hii nani atakuja?" Hapo wana hoja. Kifaa hakikubebi mgongoni, wanaokuja ni watu. Ndo maana unakisajili kabla ya safari na kuandika namba za ndugu. Kituo kikipata ishara, kinawapigia hao. Ndugu akijua ratiba yako, na askari wa hifadhi pale getini naye akiijua, msako una pa kuanzia. Usiposajili na usipoaga, umenunua pambo.

Kosa kubwa lenyewe ni hili: mashabiki wanaiga. Dogo wa Makambako mwenye simu ya chaji ya kuungaunga anaona posti, anakusanya washkaji, wanapanda bila koti la mvua, bila tochi, bila mwenyeji. Staa akipotea, nchi nzima itazizima. Dogo akipotea, watakaoingia kwenye ukungu usiku ni baba yake na bodaboda wa kijijini, na wao hawana kifaa chochote.

Kwa hiyo mastaa, posti moja tu. Onyesheni begi zima: kifaa, tochi, filimbi, koti la mvua, na jina la mwenyeji anayewaongoza. Mnatangaza sabuni kila siku, mtashindwaje kutangaza uhai? Na kama kifaa hakipo, basi hayo mengine yawepo, maana filimbi haizidi bei ya soda chache.

Kiki inaisha wiki moja. Mtu akifa mlimani harudi.

Wewe unasemaje mdau? Mastaa wanaonewa au wamezidi? Dondosha komenti hapo chini, matusi hapana!