Paka Hasomi, Msomeeni



Mwezi huu tumeona tuzungumze jambo ambalo huenda wengine wakalicheka kwanza, kisha wakalifikiri. Nalo ni maandishi yaliyo juu ya mifuko na makopo ya chakula cha paka. Zamani, katika Kilwa Kivinje na Masoko, katika Songosongo na hata Lindi mjini, paka hakuwa na chakula chake cha dukani. Alikula vichwa vya samaki na makombo ya wali, na usiku akajitafutia panya penye magunia ya ufuta na korosho. Hata leo walio wengi waishi hivyo. Lakini vijana wetu wanaofanya kazi Dar es Salaam wameizoea mifuko hiyo katika maduka makubwa, na baadhi yao huileta nyumbani wajapo likizo. Basi hukaa jikoni pamoja na mchele na sukari, na wazee huuliza: Je, ni halali kukinunua chakula hiki? Na je, chamfaa mnyama?

Majibu ya maswali yote mawili huanzia katika lebo, kwa mwenye kuisoma. Na sisi twaona kuwa kuisoma ni wajibu wa mwenye kufuga, kwa sababu paka hasomi, wala hawezi kwenda dukani kudai fedha zirudishwe.

Hapana Mwislamu asiyeijua khabari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka, nayo imo katika Bukhari na Muslim. Tuitazame vizuri. Mwanamke yule alimfungia paka. Hakumlisha, wala hakumwachia akajilia wadudu na wanyama wadogo wa ardhini. Mambo hayo mawili yamekwenda pamoja. Paka wa Kivinje aliye huru, chakula kisipomfaa, huenda pwani kwenye madau akajipatia riziki yake. Ama paka aliyefungiwa katika ghorofa ya mjini, hana ila kile kilichomo katika kisahani. Kikiwa kibaya, ndicho hicho hicho atakachokula leo na kesho mpaka afe. Kwa hiyo kila tunavyozidi kumfungia mnyama, ndivyo haki yake inavyozidi kuwa shingoni mwetu.

Tuanze na jina na picha. Wahenga walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Picha ya jodari mnene juu ya kopo haimaanishi kwamba ndani mna jodari mwingi. Marekani kuna chama cha maofisa wanaosimamia vyakula vya wanyama, kilichoundwa mwaka 1909, nacho kimeweka vipimo vya majina ambavyo viwanda vingi huvifuata. Kopo likiitwa kwa jina tupu la samaki, basi samaki huyo yapasa awe asilimia 95 ya chakula, pasipo kuhesabu maji yaliyoongezwa kiwandani. Likiitwa mlo wa samaki, au kwa jina jingine la namna hiyo, yatosha asilimia 25. Likiandikwa kwamba ni chakula pamoja na samaki, asilimia 3 tu. Na likiandikwa ladha ya samaki, hapana kiasi kilichowekwa; yatosha ladha ijulikane. Tazameni jinsi neno moja dogo linavyoshusha kipimo kutoka 95 mpaka 3, na picha ni ile ile!

Baada ya jina, geuzeni mfuko mtazame orodha ya vitu vilivyomo. Kanuni yake ni kwamba kilicho kizito zaidi hutangulia, kisha hufuata kilicho chini yake, hata mwisho. Lakini uzito huo ni wa kabla ya kupikwa, pamoja na maji yake. Nyama mbichi ina maji mengi sana, kwa hiyo huweza kuandikwa ya kwanza kwa ajili ya maji yake, na nyuma yake zikaja nafaka tatu au nne ambazo zikijumlishwa huishinda. Msiridhike na neno la kwanza. Someni matano ya mwanzo.

Katika orodha hiyo ndimo lilimo suala la halali. Lebo nyingi hazitaji mnyama. Huandika tu nyama na mazao ya wanyama. Mnyama gani? Amechinjwa vipi? Lebo haisemi, na ndani yake anaweza kuwamo hata nguruwe. Kadhalika gelatini inayogandisha mchuzi wa kopo yaweza kuwa imetoka katika ngozi ya nguruwe. Wengine husema: Paka si mukallafu, ale apendacho. Ni kweli kwamba paka hana hesabu. Lakini anayetoa fedha ni sisi, na katika hadithi ya Jabir imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) aliharimisha kuuza mvinyo, na mzoga, na nguruwe, na masanamu. Kwa hiyo kumlisha mnyama ni suala moja, na kununua ni suala jingine.

Tena yako ya vyombo. Tumefundishwa kwa khabari ya Abu Qatada, aliyemwinamishia paka chombo cha maji ya udhu akanywa, kwamba paka si najisi, kwani ni katika wanaotuzunguka majumbani. Ndiyo maana hatumwagi maji aliyoyanywa. Lakini kijiko kilichochota chakula cha nguruwe kina hukumu yake: kauli mashuhuri katika madhehebu yetu ya Shafii ni kukiosha mara saba, moja yake kwa udongo. Njia iliyo nyepesi ni kuchagua chakula kilichotaja samaki peke yake katika orodha nzima, kwa kuwa samaki hahitaji kuchinjwa, au kile kilichothibitishwa kuwa ni halali. Mkishuku, acheni, na anayetaka kuzama zaidi na amwulize sheikh wake.

Sasa tuje katika hesabu, na hapa twawataka vijana wachukue kalamu. Kila lebo nzuri huandika kiasi cha protini, mafuta, nyuzinyuzi na unyevu. Mtu aweza kuona kopo lenye protini asilimia 10 na mfuko wenye protini asilimia 30, akasema mfuko ni bora mara tatu. Huyo amesahau maji. Watu wa Lindi hawahitaji kufundishwa jambo hili, kwani mkulima wa korosho ajua kwamba unyevu ukizidi ghalani, bei huharibika. Na muuza dagaa ajua ndoo nzima ya dagaa wabichi hubaki kiasi gani baada ya jua la siku mbili. Basi toeni maji kwanza. Kopo likiwa na unyevu asilimia 80, kikavu chake ni 20 tu. Na protini 10 katika 20 ni nusu, yaani asilimia 50. Mfuko ukiwa na unyevu asilimia 10, kikavu chake ni 90. Na protini 30 katika 90 ni asilimia 33. Kumbe kopo ndilo lililozidi!

Hesabu hiyo hiyo yatufunulia bei. Kopo la gramu 400 lenye unyevu asilimia 80 lina maji gramu 320, na chakula kikavu gramu 80. Hatusemi kuwa maji hayo ni hila. Paka kwa tabia yake hunywa maji machache, na katika joto letu maji ya ndani ya chakula humfaa. Twasema tu kwamba mnunuzi ajue alipialo.

Je, tarakimu za protini ni za kuaminiwa sikuzote? Hapa pana khabari ya kuzingatiwa. Mwaka 2007 paka na mbwa wengi Marekani waliharibika mafigo, wengine wakafa. Ilipochunguzwa ikaonekana kwamba unga wa protini ya ngano ulionunuliwa kutoka China ulikuwa umetiwa melamini, kemikali itumikayo kutengenezea vyombo vya plastiki. Wafanyabiashara waliitia kwa sababu kipimo cha kawaida cha protini hakipimi protini yenyewe, bali hupima nitrojeni. Na melamini imejaa nitrojeni. Lebo ikasema protini ipo, na ndani mlikuwa na sumu. Mamilioni ya makopo na vifuko yalirudishwa. Mwaka uliofuata, 2008, melamini ile ile ilikutwa China katika maziwa ya unga ya watoto wachanga. Watoto wapatao 300,000 waliugua, na 6 wakafa.

Ndugu wasomaji, hilo si jambo la paka tu. Mkono uliopunja katika kisahani cha mnyama ulikwisha kuzoea kupunja, na haukuona haya kufika katika chupa ya mtoto. Ole waliotajwa katika Suratul Mutaffifin ni wapunjao vipimo, na lebo ya uongo ni kipimo kilichopunjwa.

Liko neno jingine katika lebo ambalo wengi hulipita, nalo ndilo kubwa kwa uhai wa mnyama: chakula ni kamili, au ni cha nyongeza? Kamili maana yake mnyama aweza kukila peke yake siku zote. Cha nyongeza ni kitoweo. Akikila peke yake atapungukiwa. Tena tazameni ni cha paka au cha mbwa, cha mtoto au cha mkubwa. Paka si mbwa mdogo. Mwili wake hauwezi kujitengenezea taurini ya kumtosha, naye huipata katika nyama na samaki. Akiikosa macho hupofuka na moyo hulegea. Mwaka 1987 wataalamu wa California walieleza kwamba paka waliokuwa wakila vyakula vya viwandani, hata vilivyohesabiwa kuwa kamili kwa vipimo vya siku zile, walipatwa na ugonjwa wa moyo kwa upungufu wa taurini. Na wengi walipopewa walipona. Tangu hapo viwanda vikaongeza taurini. Basi anayempa paka chakula cha mbwa siku zote kwa kuwa ni rahisi, anamdhulumu pasipo kujua.

Pana pia ada iliyoingia madukani, ya kufungua gunia kubwa na kuwapimia watu chakula katika vifuko vitupu. Bei huwa nafuu, lakini lebo imebaki dukani. Mnunuzi hajui tarehe ya mwisho, hajui kiwanda, wala hajui namba ya toleo ambayo kwayo mzigo mbovu hutafutwa ukarudishwa. Na pwani yetu ina unyevu. Chakula kilichoachwa wazi huingia ukungu, na ukungu mwingine hutoa sumu ya kuharibu maini ya mnyama na ya mtu vile vile. Mkinunua kwa namna hiyo, ombeni kuliona gunia lenyewe na kulisoma. Kuuliza si ujinga.

Asije mtu akadhani twamlazimisha maskini kununua chakula cha makopo. Hasha! Mwenye jirani mwenye njaa na aanze na jirani. Paka wa nyumba haingwa, lakini pia hadai vya Ulaya. Vichwa vya samaki na dagaa vyamtosha sana kuliko ugali mtupu, na panya awindaye mwenyewe ni riziki njema. Ila wapikeni samaki hao, kwani baadhi ya samaki wabichi wana kitu kinachoharibu vitamini B1, na moto hukiondoa. Toeni miiba mikubwa, wala msitie chumvi. Chakula cha namna hiyo hakina lebo, kwa sababu mpishi wake ni nyinyi na mwakijua.

Ama anayenunua, hana udhuru wa kutosoma. Maandishi mengi ni ya Kiingereza, na katika nyumba nyingi yupo kijana wa sekondari. Mwiteni akae barazani na mfuko mkononi, awasomee bibi na babu: jina, orodha, unyevu na protini, kamili au nyongeza, tarehe na kiwanda. Asipolijua neno, alitafute katika kamusi. Kijana aliyezoea kumsomea paka atausoma pia mkebe wa maziwa ya mdogo wake na soseji za nyumbani, wala hatadanganywa na picha. Na mkiona mnyama kaugua baada ya kula chakula kipya, kizuieni, hifadhini mfuko pamoja na lebo yake, mwende kwa afisa mifugo. Pasipo lebo hatajua aanzie wapi.

Wabillahi tawfiq.