Choo cha Shimo na Maji ya Kisima

Tangu TANU ilipoamua mwaka 1973 kuhamishia Dodoma makao makuu ya Serikali, mji umekua haraka kuliko mabomba yake ya majitaka. Katika mitaa iliyojengwa bila mpango, kama Chang'ombe, choo cha shimo ndicho tegemeo la wengi.

Shimo huficha uchafu, lakini haliumalizi. Mkojo hutoa amonia. Bakteria waishio katika udongo wenye hewa huigeuza kuwa naitreti, nayo huteremka na maji hadi visimani. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita, kwani ikizidi huweza kuinyima damu ya mtoto mchanga oksijeni. Kuchemsha maji hakuiondoi.

Mtambo wa majitaka uliojengwa kwa kazi hiyo huikamilisha. Baada ya hatua ya hewa, majitaka hupitishwa mahali pasipo na oksijeni. Hapo bakteria wengine huitwaa oksijeni iliyomo katika naitreti, na naitrojeni hurudi angani bila madhara.

Viumbe hao hawadai mshahara. Wanahitaji mahali pa kufanyia kazi. Kwa hiyo kila mpango wa kuwapatia wananchi maji hauna budi kuhesabu pia bomba la majitaka na gari la kunyonya vyoo.