Ufuko Hauhifadhiwi kwa Ukuta

Yako maneno mawili yasemwayo kila inapozungumzwa habari ya pwani yetu, na yote mawili yamepewa heshima ambayo hayaistahili. La kwanza lasema kuwa kilima cha mchanga kando ya bahari ni ardhi tupu isiyo na kazi, na kwamba mwenye fedha akikichimba au akikisawazisha ili ajenge juu yake ameifanyia nchi hisani. La pili lasema kuwa bahari ianzapo kula ufuko, dawa yake ni ukuta. Nimekusudia kuyapinga yote mawili, na nitaanza na la pili, kwa sababu ndilo livaalo joho la elimu.

Watetezi wa ukuta hupenda kujisitiri nyuma ya methali isemayo kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Ajabu ni kuwa methali hiyo yawashitaki wao wenyewe. Katika methali, ukuta ni adhabu ya mzembe, si ushindi wake. Ajengaye ukuta pwani amekiri kuwa ufa ulikuwapo na hakuuziba. Na aghalabu ufa wenyewe haukuwa baharini.

Natutazame kwanza ufuko ni kitu gani. Mtu aliyeketi barazani huuona kama mstari baina ya nchi na maji, lakini ufuko ni akiba iwekwayo na kutolewa. Bahari ichafukapo, mawimbi makali huuteremsha mchanga na kuulaza chini ya maji karibu na nchi, na fungu hilo lililolazwa ndilo livunjalo nguvu za mawimbi yafuatayo. Bahari itulliapo, mawimbi madogo huurudisha mchanga kidogo kidogo. Upepo nao huuchukua uliokauka, ukaupandisha mpaka penye majani, ambako hunaswa na kuwa kilima. Tena mchanga husafiri kando ya pwani. Kusi huusukuma upande wa kaskazini, na kaskazi huurudisha kusini, na kwa kuwa pepo hizo hazilingani nguvu, kila mahali pana mapato na matumizi yake. Palipo na matumizi makubwa kuliko mapato, ufuko hukonda.

Sasa simamisha ukuta hapo. Wimbi lililokuwa likipanda mteremko wa mchanga na kufa kwa uchovu sasa lapiga jiwe, larudi na nguvu zake, na katika kurudi lakomba mchanga ulio mguuni pa ukuta. Mchanga ulio nyuma umefungwa, hauwezi kushuka kuusaidia ufuko siku ya haja. Nao ufuko, ambao ungalisogea nyuma taratibu na kubaki ufuko, hauna tena mahali pa kusogea. Nakubali kuwa ukuta waweza kuiokoa nyumba; lakini ufuko uliomvuta mtu kuijenga nyumba hiyo hufa mbele ya dirisha lake. Kasa ajaye usiku kutaga hukuta jiwe, na mvuvi hana pa kupandisha ngalawa. Kisha pale ukuta unapokoma, maji huzunguka na kula kiwanja cha jirani kwa kasi zaidi, na jirani hana budi kujenga wake.

Ushahidi hauko mbali. Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, zilijengwa hoteli karibu mno na maji. Katika miaka ya 1970 na 1980 bahari iliula ufuko ule vibaya, hata Hoteli ya Africana ikahamwa. Leo jina lake limesalia kituo cha mabasi katika barabara ya Bagamoyo, na wengi washukao hapo hawajui kuwa wametaja jina la marehemu. Bahari ililaumiwa sana. Lakini vijito vya Tegeta, Mbezi na Mtongani, ambavyo kila mvua kubwa huuteremshia mchanga ufuko huo, vilikuwa vikichimbwa ili jiji lipate mchanga wa zege na wa matofali. Malori yaliubeba juu, na chini bahari ikaendelea kudai haki yake kama kawaida. Isipopewa mchanga wa mtoni ilichukua wa ufukoni. Huenda baadhi ya mchanga uliopaswa kuzilinda nyumba za pwani ulikuwa umekwisha kuingia katika kuta za nyumba nyingine. Badala ya kuwashika wachimbaji, wenye mali wakajenga kuta fupi za mawe zitokezazo baharini mithili ya vidole, kila mmoja akinasa mchanga uliokuwa safarini kwenda kwa mwenziwe.

Hayo ni ya ukuta. Nirudi kwa neno la kwanza, la ardhi tupu.

Katika kisiwa cha Lamu viko vilima vya mchanga vya Shela. Atakaye kujua kazi yake na aulize maji ya mji wa Lamu hutoka wapi. Mvua inyeshapo hupenya mchanga na kukaa chini yake, na maji hayo matamu, kwa kuwa ni mepesi, huelea juu ya maji ya chumvi yaliyopenya kutoka baharini. Hesabu ijulikanayo na wataalamu ni kuwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hubebwa na mita kama 40 za maji matamu zilizo chini ya usawa huo. Basi apunguzaye juu kidogo amepunguza chini mara 40, na chumvi hupanda kujaza nafasi. Visima vya Shela ndivyo tegemeo kubwa la mji ule wa kale, uliotiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Hata hivyo wamekuwapo watu waliovitamani vilima hivyo kwa viwanja vya majumba! Sijui watafurahia nini barazani mwao siku bomba litakapotoa chumvi.

Liko na Fungu la Maziwe, mkabala wa Pangani. Hapo palikuwa na kisiwa chenye miti, mahali mashuhuri pa kasa kutaga mayai, na mwaka 1975 kilitangazwa kuwa hifadhi. Lakini miti yake ilikuwa imekatwa, na miaka ya 1980 ilipoanza hakikuwa kisiwa tena. Leo ni fungu la mchanga lionekanalo maji yakipwa na kutoweka yakijaa. Sidai kuwa shoka peke yake ndilo lililokizamisha. Nadai kwamba mchanga usio na mizizi hauna wa kuutetea.

Najua nitajibiwa kuwa mataifa makubwa hujilinda kwa kuta. Je, wasemao hivyo wamepata habari za Uholanzi? Karibu robo ya nchi hiyo iko chini ya usawa wa bahari, na hakuna watu waliobobea zaidi katika kujenga kingo. Watu hao hao, mwaka 1990, walikata shauri kuuhifadhi mstari wa pwani yao kwa kuulisha mchanga. Na mwaka 2011, katika jimbo la Zuid-Holland, walimwaga mahali pamoja mita za ujazo milioni 21.5, ili mawimbi na upepo vifanye kazi ya kuueneza. Sisi hatuna fedha za merikebu za kufukua mchanga baharini. Lakini Waholanzi wanunua kwa mamilioni kitu ambacho sisi mito yatuletea bure nasi twakizuia njiani.

Siupingi ukuta mahali palipo na mji mzima au bandari isiyoweza kuhamishwa. Wala simtukani kijana achimbaye mchanga kwa koleo mtoni. Njaa yake ni ya kweli, na faida kubwa haimwendei yeye. Ninaowapinga ni wale watoao vibali bila kuuliza mto huleta mchanga kiasi gani kwa mwaka. Tanzania inayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, iwekayo mita 60 kutoka ukingo wa bahari, na vivyo hivyo kwa kingo za mito. Sheria ni njema, ila ukingo wa bahari hutembea na nyumba haitembei. Mita 60 za leo, mahali ambapo ufuko unaliwa, si 60 za mjukuu. Basi zipimwe kwa mwendo wa ufuko wenyewe. Vilima vizungushiwe uzio pale mifugo na magari yanapokanyaga, na ule mmea utambaao wenye maua ya zambarau na majani yenye umbo la kwato za mbuzi uachwe utambae, kwa maana huukamata mchanga bila mshahara. Na wachimbaji watengewe mahali mbali na vijito vilishavyo fuko. Mchanga wa Mbezi uliokwisha kuwa zege hautarudi Kunduchi, lakini ule utakaoteremshwa na masika yajayo bado uko juu, kabla ya malori.