Herufi Tatu

Katika Tanzania, kijana amalizaye Kidato cha Nne na kufaulu vema huweza kuendelea na Kidato cha Tano na cha Sita, ndiyo miaka miwili ya sekondari ya juu. Huko hasomi tena masomo mengi ya kila namna kama hapo awali. Husoma hasa masomo makuu matatu, yaliyofungwa pamoja kama kuni katika mzigo mmoja. Fungu hilo huitwa tahasusi, na jina lake ni herufi tatu zilizotolewa katika majina ya Kiingereza ya masomo yenyewe. PCB ni fizikia, kemia na baiolojia. PCM ni fizikia, kemia na hisabati ya juu. HKL ni historia, Kiswahili na Kiingereza. EGM ni uchumi, jiografia na hisabati. Ziko nyingine nyingi.

Basi wako watu wasemao ya kuwa mwenye akili huchukua sayansi, na aliyechukua HKL ni yule aliyekosa pa kwenda. Neno hili husemwa nyumbani, husemwa njiani, na wakati mwingine husemwa hata darasani. Si neno la kweli, tena lina madhara, maana kijana alisikiapo tangu utoto hujifunza kuchagua sifa badala ya kuchagua kazi.

Kila somo lina kazi yake. Mtoto adhaniaye kwamba jiografia ni kukariri majina ya mito na milima atashangaa afikapo Kidato cha Tano. Huko atasoma ramani na picha zilizopigwa kutoka angani, atajifunza kupima ardhi, atakusanya hesabu na kuzichora. Vivyo hivyo Kiswahili. Wengi husema, "Kiswahili tunakizungumza tangu kuzaliwa, kuna nini cha kusoma?" Lakini katika sekondari ya juu mna riwaya, tamthilia na ushairi wa kuchambuliwa, mna historia ya lugha yenyewe, tena mna kazi ya kufasiri na ukalimani. Mwaka 2022 Umoja wa Afrika ulikikubali Kiswahili kiwe mojawapo ya lugha zake za kazi. Maneno yasemwayo huko kwa Kiingereza, Kifaransa na Kiarabu yataka watu wa kuyatia katika Kiswahili kilicho safi, na mfasiri mzuri haokotwi barabarani. Na fizikia nayo, pamoja na heshima yake yote, ni kazi ya kupima, kukokotoa na kurudia jaribio mpaka lilingane. Asiyependa kukaa na hesabu moja saa nzima ataona taabu, hata akisifiwa na kijiji kizima.

Jambo jingine ni kwamba herufi moja tu yaweza kugeuza safari ya mtu. Tumfikirie kijana wa mfano. Baba yake amemwambia mara nyingi, "Mwanangu, soma uwe daktari, upate kutuuguza uzeeni." Kijana ameitika, "Ndiyo, baba," na moyo wake wataka hivyo kweli. Siku ya kujaza fomu ya uchaguzi, rafiki yake aandika CBG, yaani kemia, baiolojia na jiografia. Naye aandika vivyo hivyo, maana hiyo nayo ni sayansi, na fizikia humtisha kidogo. Miaka miwili yapita, afaulu masomo yote matatu. Ndipo asomapo masharti ya shahada ya udaktari wa binadamu na kuona yanataka fizikia, kemia na baiolojia. Kemia anayo, baiolojia anayo, ile ya tatu hana. Chuo Kikuu kina nafasi nyingine zimfaazo, kama vile kilimo au mambo ya mazingira, nazo ni kazi njema. Lakini siyo aliyoitaka. Kama alifaulu fizikia katika Kidato cha Nne, aweza bado kuomba chuo cha utabibu, asome stashahada kwa miaka mitatu, kisha aombe udaktari kwa njia hiyo. Mlango huo uko, ila umezunguka nyuma ya nyumba.

Nani alaumiwe? Si rahisi kumlaumu kijana peke yake. Baba alitaja kazi, hakutaja herufi. Rafiki alitaja herufi, hakutaja kazi. Kati ya hao wawili hapakuwa na mtu wa kuziunganisha. Yafaa wazee watakao mtoto awe daktari, mhandisi au mwanasheria wamwulize mganga wa zahanati, au mtu yeyote afanyaye kazi hiyo, alisoma nini hata akafika pale. Hilo halihitaji fedha, lahitaji miguu na ulimi tu.

Tena si kweli kwamba uchaguzi huanza Kidato cha Nne. Katika sekondari ya chini, fizikia na kemia ni masomo ambayo mwanafunzi aweza kuyaacha. Siku amwambiapo mwalimu kwamba fizikia imemshinda, hajui kwamba amekwisha kuifunga PCM na PCB pamoja. Akiacha kemia, na CBG imefungwa. Hakuna kengele ipigwayo siku hiyo, wala hakuna cheti, na kwa sababu hiyo watu hawaioni. Wasichana ndio waachao upesi zaidi pale wanapoambiwa kwamba fizikia si ya mwanamke, nalo ni neno lisilo na msingi wowote. Na hata mwanafunzi wa darasa la sita achukiaye mafungu ya kumi na sehemu, asiyetaka kuulizwa wala kuuliza, ameanza kuchagua pasipo kujua.

Mwaka 2024 Serikali iliongeza hesabu ya tahasusi kutoka 16 hata kufika 65, ikatia na muziki, michezo, sanaa, elimu ya dini na lugha nyingine. Ni jambo jema, kwa kuwa vipawa vya watu si vya namna moja. Walakini fungu lililoandikwa katika karatasi si sawa na fungu lifundishwalo. Hakuna shule iwezayo kuwa na zote 65, nyingi zina chache tu, na walimu wa fizikia na hisabati wamekuwa haba nchini kwa miaka mingi. Iko hatari ya kijana kufika bwenini na sanduku lake, akakuta kwamba somo mojawapo katika yale matatu husomwa kwa kunakili madaftari ya waliotangulia.

Mwanafunzi huandika tahasusi na shule azitakazo, na Serikali ndiyo impangiayo. Kwa hiyo kabla ya kuandika, na iulizwe habari ya shule yenyewe: maabara ipo? Mwalimu yupo, na je, ni mmoja kwa madarasa yote? Mzazi afikaye shuleni kuuliza hayo asihesabiwe kuwa msumbufu, bali mkuu wa shule amkaribishe kiti na kumjibu kweli, hata kama jibu ni kwamba mwalimu wa fizikia hayupo.